Kitambaa cha Nyuma ya Suruali

Jumapili jioni, Kihesa, Iringa. Baridi ya Julai imeshika, upepo unapiga bati tangu mchana, na nimekaa karibu na jiko la mkaa nikiandika haya kabla usingizi haujanizidi.

Suruali ya kiume iliyoshonwa vizuri ina akiba yake nyuma, kwenye mshono wa kiunoni unaoshuka makalioni. Fundi anayejua kazi hakati kitambaa karibu na mshono ule. Anaacha ziada, inchi moja hadi moja na nusu kila upande, anailaza ndani, ili mwenye nguo akiongezeka mwili airudishe ifumuliwe na kutolewa kidogo. Mimi nina suruali ya kijivu niliyojishonea mwaka niliofungua kibanda changu pale Miyomboni. Nimeshaitoa mara mbili. Agosti mwaka jana nikaifumua mara ya tatu, nikakuta hakuna cha kutoa. Akiba imeisha. Kilichobaki ni matundu ya sindano, mistari mitatu iliyopangana, na kila mstari nikaukumbuka ni wa miaka gani.

Nilikaa nayo mapajani muda mrefu. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimetoka kupima presha, ikasoma 152 kwa 96. Daktari aliniambia tutarudia kupima kabla ya kuzungumza habari za dawa, nipunguze chumvi, na nianze kutembea. Akanitajia kiwango: dakika 150 kwa wiki kama kima cha chini, za mwendo unaokufanya uheme lakini bado uweze kuzungumza. Ndicho Shirika la Afya Duniani linachowashauri watu wazima, na anayeweza afike 300. Ukigawanya kwa siku tano unapata nusu saa. Nikaona ni kitu kidogo mno kwa mtu mzima mwenye miguu miwili. Nusu saa, nani ataishindwa?

Niliishindwa miezi mitano.

Zamani kazi yenyewe ilinifanyisha mazoezi bila mimi kujua. Cherehani yangu ya kwanza ilikuwa ya kukanyaga. Kutwa nzima nyayo zinapanda na kushuka, kisigino, vidole, kisigino, vidole, na jioni mashavu ya miguu yanakaza kama ya mtu aliyetoka shamba. Baadaye nikaifunga mota. Kazi ikaenda haraka, sare za shule nikawa nazimaliza kwa nusu ya muda, na sijutii, kwa sababu mota hiyo imesomesha watoto. Lakini tangu hapo mguu wangu wa kulia kazi yake ni kugusa tu. Nakaa kuanzia saa mbili asubuhi hadi giza linaingia, nainuka kwenda kupima mteja, narudi nakaa. Kutoka nyumbani bodaboda, kurudi nyumbani bodaboda.

Basi mwezi mmoja baada ya ile suruali, Alphonce Simbu akashinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo. Ilikuwa tarehe 15 Septemba 2025. Alimaliza kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Kijana ninayemfundisha kazi alinionyesha ile picha ya mwisho kwenye simu, nikairudia sijui mara ngapi, kifua kimoja kikitangulia kingine kwa upana wa kitu ambacho hata futi yangu haiwezi kukipima. Machozi yalinilenga. Kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa barabarani na raba za mtumba nilizonunua Mlandege, nakimbia.

Nilikimbia siku tatu. Ya nne goti la kulia lilivimba nikashindwa kushuka kitandani vizuri, na goti lilipopona, ule moto nao ulikuwa umeshapoa. Simbu sina neno naye, bado namwombea. Ila niligundua kwamba nilikuwa nimekopa msisimko wa mtu aliyejenga mwili wake kwa miaka mingi, nikataka unitoshe mimi niliyekaa kitini miaka kumi na mbili. Msisimko wa kuazima hauvuki wiki.

Januari nikajaribu tena. Nilichora alama kwenye kalenda ya ukutani, nikamwambia na mama watoto anishuhudie. Mvua ilikuwa inanyesha karibu kila siku. Asubuhi nafungua jicho, nasikia maji kwenye bati, najiuliza: leo nina hamu? Jibu ni hapana. Nageukia upande wa pili. Nafikiri kosa langu kubwa lilikuwa hapo, kwenye lile swali. Nilikuwa naingoja hamu inijie kitandani, inivue blanketi, inivalishe sweta. Kwa baridi ya Iringa, mji uliokaa juu ya mita 1,500 na zaidi, ukijiuliza alfajiri kama una hamu ya kutoka nje umeshajijibu.

Nikakumbuka mchakamchaka. Walionizidi na walio rika langu wanaujua: shule ya msingi, asubuhi kabla ya mistari, tunakimbia kuzunguka kijiji, nusu yetu pekupeku, kiranja anaanzisha wimbo mbele na sisi tunaitikia, vumbi limejaa puani. Sikumbuki siku hata moja niliyoulizwa kama nina hamu. Na sikumbuki kuchukia. Siamini kwamba tulikuwa na moyo mgumu kuliko wa leo. Tulikuwa wengi, kulikuwa na wimbo, na usipoonekana kuna mtu atakayeuliza uko wapi. Vitu hivyo vitatu nilikuwa sina hata kimoja pale kitandani.

Kilichonitoa sikukitafuta. Shule zilipofunguliwa Januari, binti yangu aliingia darasa la tano. Bodaboda aliyekuwa akimpeleka alihamia Makambako kwa ndugu zake, na mimi sikutaka kumkabidhi mtoto kwa mtu nisiyemjua. Nikamwambia mama yake, wiki hii nitampeleka mwenyewe kwa miguu, tutafute mwingine taratibu. Shule yake iko upande wa Gangilonga. Kutoka kwetu ni dakika 35 kwa mwendo wa mtoto asiyetaka kuchelewa, na mwendo wa mtoto asiyetaka kuchelewa ni mkali, asikudanganye mtu. Nikimwacha getini natembea nyingine 20 hadi kibandani.

Wiki ile haikuisha. Hatukutafuta bodaboda mwingine.

Siku za mwanzo nilikuwa nahema hata kumjibu siwezi. Yeye anauliza, kwa nini mwezi bado upo na kumekucha, kwa nini mbwa wa nyumba ile anatubwekea sisi tu, na mimi nainua mkono kumwambia ngoja. Alikuwa ananishika kidole cha mwisho, si mkono mzima, na akiona nimerudi nyuma anakivuta. Mwisho wa Februari nikaanza kujibu maswali yote. Machi nikawa mimi ndiye ninayeuliza.

Ijumaa moja tulitoka mapema tukapanda kwenye jiwe la Gangilonga. Wazee wanasema jina hilo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea, na inasimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikuwa akienda pale kukaa na kutafakari. Nilisimama mara mbili njiani kushika magoti. Juu, ukungu ulikuwa umelala chini mjini na mapaa yanachomoza moja moja. Binti akaweka sikio kwenye jiwe. Nikamuuliza linasema nini. Akasema, “Linasema baba unapumua kwa nguvu.”

Niliwahi kudhani dakika nilizotembea na mtoto hazihesabiki, kwamba mazoezi lazima uvae bukta na utoke jasho mbele za watu. Zinahesabika. Ushauri wa zamani ulikuwa unataka kila kipande kiwe angalau dakika 10 mfululizo, lakini mwongozo wa 2020 wa Shirika la Afya Duniani uliliondoa sharti hilo, mwendo wowote unaingia kwenye hesabu. Nikapiga hesabu usiku mmoja kwa chaki ya kukatia vitambaa: 55 mara siku tano, dakika 275. Niliifuta chaki nikaiandika tena, nikidhani nimekosea. Aprili nilirudi kupima, nikakuta 138 kwa 88. Daktari akasema usiache.

Nikaacha. Lazima niiandike na hii, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Juni shule zilifungwa, na binti akashuka Ipogolo kukaa na bibi yake likizo nzima. Jumatatu ya kwanza niliamka saa yangu ileile, nikavaa raba, nikakaa kwenye kigoda jikoni. Hakuna mtu wa kumpeleka popote. Nje giza, mwezi huo jua linachelewa hadi karibu saa moja kasorobo. Nilikaa pale na raba zangu miguuni hadi chai ikaiva, kisha nikapanda bodaboda. Siku tisa hivyo. Mwili ulikuwa mzima, goti zima, njia nilikuwa naijua kwa macho ya kufumba. Kumbe miezi yote ile sikuwa nimepata hamu ya mazoezi hata kidogo. Nilikuwa na mtoto anayetakiwa kufika shule. Iliniuma kuligundua hilo, nikajiona sina kitu changu mwenyewe ndani. Sasa sioni hivyo tena. Sidhani kuna aibu mtu kuinuliwa na mtu. Wapo wanaokuambia anza kwa kujipenda wewe kwanza, na huenda kwao inafanya kazi. Mimi nikiachiwa nijipende alfajiri ya Juni, najipenda ndani ya blanketi.

Siku ya kumi mama alipiga simu usiku. Baada ya salamu akasema, “Mwanangu, kesho nachemsha viazi. Mwenzio huku anauliza kila siku baba yake anakuja lini.” Nikamwambia, “Mama, kesho nitakunywa chai kwako.” Nilipokata simu nikatoa nguo nikaziweka juu ya kiti: suruali, sweta juu yake, soksi ndani ya raba. Siku hizi nafanya hivyo kila usiku. Asubuhi sitaki kuamua kitu. Aliyeamua ni yule wa jana yake, aliyekuwa ameshiba na ana joto.

Nilishuka daladala mjini nikatembea kuteremka hadi Ipogolo. Kuteremka ni rahisi, malori ya barabara kuu unayasikia kabla ya kuyaona, na ukikaribia chini unakutana na baridi inayotoka Ruaha Mdogo, baridi yenye maji ndani yake. Mama alikuwa mlangoni amejifunga khanga mbili.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kamwene. Umekuja na nini?”

“Na miguu.”

Alinitazama miguu, akatazama uso, akaingia ndani kunimiminia chai bila kusema neno.

Kurudi ndiyo habari yenyewe. Kutoka Ipogolo kupanda mjini ni mlima usiokuonea haya. Dakika tano za kwanza kila kitu mwilini kinalalamika, mapaja yanawaka, masikio yanauma kwa upepo, na unajiambia ukifika kwenye ule mti utasimamisha bodaboda. Kisha mahali fulani, kwangu ni kama dakika ya kumi, pumzi inapata mwendo wake. Mabega yanashuka. Jasho la kwanza linatoka chini ya kofia, na sweta lililokuwa halitoshi linakuwa zito. Hapo ndipo hamu huja. Nimeichunguza wiki tatu hizi na haijawahi kuja mapema zaidi. Miaka yote niliyoingojea kitandani, yenyewe ilikuwa imekaa nusu ya mlima.

Likizo inaisha leo. Binti amerudi jana na mfuko wa viazi na habari za bibi. Usiku wakati wa kula aliniambia kwamba wenzake wawili wa mtaa huu nao wanataka kwenda kwa miguu, na akauliza, akitazama sahani, kama wanaweza kwenda wao watatu peke yao. Ana miaka kumi na moja sasa. Nilimeza tonge kwanza. Tumekubaliana nitawasindikiza hadi Agosti, nikitembea nyuma kidogo. Baada ya hapo sijui. Mama ameshasema Jumamosi zake ni zake, hata shule zikifunguliwa, na nisipotokea atajua naumwa na atapanda daladala kuja kuniangalia. Jumamosi nimeshapata. Siku nyingine nne bado nazitafutia mtu.

Leo mchana nilitoa ile suruali ya kijivu mahali ilipokuwa imetundikwa, nikaivaa, nikavuta kiuno nyuma kwa vidole viwili. Binti ndiye aliyeshika futi. Nimeingiza mshono hadi kwenye mstari wa pili wa matundu, nusu inchi tu kila upande. Sikupitisha cherehani. Nimeshona kwa mkono, uzi mweupe, mishono mirefu, kama tunavyofanya kwa nguo ya mteja ambaye bado hajaja kuijaribu.

Raba ziko mlangoni. Tunatoka saa kumi na mbili na robo.