Siku vigelegele vilipokwama

Juzi nimempeleka yule mdogo kwa daktari wa meno, gego limetoboka (mabuyu hayo, nshasema mpaka nimechoka), na mlango ulipofunguliwa tu harufu ikanipokea. Karafuu. Si ile ya pilau, ile kali ya mafuta inayopanda puani na kukaa huko kama mpangaji asolipa kodi. Nikaanza kucheka peke yangu. Mtoto amenishika buibui kwa mikono miwili, macho yamemtoka, "Mama, wacheka nini na mimi nang'olewa jino?" Nikamwambia hung'olewi, wazibwa, nyamaza. Daktari akasema ile dawa ya kuzibia kwa muda hukorogewa na mafuta ya karafuu, hutuliza, jino linakufa ganzi kidogo. Aliposema ganzi ndio nikashindwa kabisa, ikabidi nitoke nikajikohoze nje.

Mtoto sikumjibu. Nitamwambiaje? Kwamba mamake aliwahi kulitia ganzi ukumbi mzima wa wanawake?

Ilikuwa Januari 2004, harusi ya dada wa kwa ma'mkubwa, mimi nimemaliza fomu foo nakaa tu nyumbani Kibokoni, Mombasa, nasubiri matokeo, na kazi yangu ni kupika mafuta ya midomo. Shuleni nilikuwa nikiwauzia wasichana shilingi ishirini kikopo, na vikopo vyenyewe ni vile vyeusi vya filamu, studio za picha zilikuwa zatupa gunia kwa gunia, sikuizi ukimwambia mtoto kikopo cha filamu akuona umetoka zama za Ngome kujengwa. Nta nilinunua kwa muuza asali, bonge la manjano lenye vumbi na miguu ya nyuki ndani, naliyeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, nachuja kwa kipande cha leso kuukuu, halafu natia mafuta ya nazi. Fungu moja la nta kwa matatu ya mafuta. Hiyo ilikuwa ya baridi, ya miezi ya kusi. Januari kaskazi imewaka, mafuta ya nazi yako kama maji kutwa nzima hayagandi hata usiku, na ukitumia kipimo hicho hicho kikopo kinakuwa uji mtu akikitia mkobani, kwa hivyo nta naongeza mpaka karibu moja kwa mbili.

Shida yangu siku zote ilikuwa ladha. Mwanzo nilitia arki ya vanila, hii hii ya keki, nikakoroga mpaka mkono ukauma, na kulipopoa nikakuta matone ya hudhurungi yamejikusanya chini ya kikopo kama mbegu za papai, juu mafuta matupu hayanukii kitu. Arki ni ya majimaji, na maji na mafuta hawaozani. Nikajaribu marashi ya waridi, yale yale. Nikatia sukari ili iwe tamu, ikazama chini, msichana akipaka asikia mchanga. Nilichelewa sana kujua kwamba lazima upate ladha iliyo mafuta yenyewe, na kwamba hata ukiipata, mafuta yanukia tamu lakini si matamu, ukilamba wakutana na nta tu, ulimi unaona umedanganywa na pua.

Sasa ma'mkubwa alivyosikia kuna mtoto nyumbani anajua kupika hivi vitu akasema basi kila mgeni atiliwe kikopo kimoja ndani ya boksi la vitafunio, siku ya kupamba. Vikopo arubaini, vya meza za mbele tu, wale wageni wa heshima. Nilijiona mkubwa! Nikataka ladha ambayo hakuna duka limewahi kuwa nayo. Na mjomba alikuwa amerudi kutoka Pemba na chupa ya mafuta ya karafuu, yale ya kukamuliwa kwa mvuke, chupa ndogo ya kioo imefungwa kwa gazeti na mpira. Nyanya alikuwa nayo kabatini kwa ajili ya meno yake mawili yaliyobaki. Nikaiazima. Naam, tuseme niliazima.

Nikapika alasiri nzima jikoni, jiko la makaa, dirisha moja. Na hapa ndipo nilipokosea, ingawa wakati ule ningekula kiapo kuwa niko sawa. Nilitia kijiko kimoja cha chai cha karafuu bakuli likiwa bado motoni, na chochote kinachonukia ukikitia kwenye moto kinapanda na mvuke kinakwenda zake, ndio maana jiko lote lilinukia na bakuli halikunukia. Nikatia cha pili. Halafu pua nayo, ukikaa na harufu moja saa mbili inachoka, haikwambii kitu tena, nikaona hamna kitu hapa, nikatia cha tatu. Na cha nne. Mchanganyiko wote haukufika nusu kilo. Leo najua kwa kiasi kile hata nusu kijiko ingekuwa nyingi, na unatia mwisho kabisa bakuli likishaepuliwa linaanza kufanya ukungu pembeni. Leo. Na sikupaka hata mimi mwenyewe kujaribu, maana midomo yangu nilikuwa nimeipaka rangi ya dadangu kwa siri na sikutaka itoke.

Siku yenyewe sitawachosha. Ukumbi, viti, feni tatu na moja haizunguki, asumini mpaka kwenye mswaki. Bibi harusi amechelewa kama ada, mpambaji hajamaliza, wanawake wana joto na njaa, basi maboksi yakagawiwa mapema ili watu wanyamaze. Sambusa mbili, katlesi moja, kaimati, kipande cha halwa kwenye karatasi, na kikopo changu. Vya kupika vilitoka kwa mama mmoja jirani, sitamtaja, aliyekuwa akipika karibu kila shughuli mtaani kwetu wakati ule.

Nilikuwa nimesimama kando ya mlango na birauri ya maji. Nikawaona wanakula, wanajifuta, wanafungua vikopo. Kile kikopo ni kirefu na mimi nilikijaza theluthi tu, kwa hivyo kila mmoja alilazimika kutumbukiza kidole chote cha shahada akakwangua chini, vidole vyenye hina mbichi vya harusi, na kidole kikitoka kimebeba donge si mpako. Wakapaka. Wakakutanisha midomo, mp, mp, mp. Mmoja akamwambia mwenzake, "Cha karafuu, eh, wamefikiria." Moyo wangu ukafura. Nikasema hapa nimefika.

Kisha taa zikazimwa, ikabaki ile moja ya jukwaani.

Mlango ukafunguliwa na bibi harusi akasimama pale, dhahabu mpaka kiunoni, uso umeinamishwa, na watu wote wakamgeukia ma'mkubwa. Kwa wasomjua ma'mkubwa, yeye ndiye hufungua. Kigelegele chake kikianzia Kibokoni chaskika Makadara, na hakuna mwanamke wa ukoo wetu atakayethubutu kumtangulia, ni adabu. Akasimama. Akashika leso yake pembe mbili akaitandaza, akainua kichwa, akafungua mdomo, ulimi ukatoka.

Fffl.

Sijui niandikeje ile sauti. Upepo tu. Kama tairi ya baiskeli. Akafunga mdomo, akaushika kwa vidole, akaubonyeza kama mtu anayeuliza hii ni ya nani, akajaribu tena, "Lll... wwwl." Ulimi umelala. Meza ya pili kuna shangazi akataka kumsaidia, naye "Fwwl." Meza ya tatu mtu akaanza kulia machozi, midomo imewaka moto imekuwa myekundu chini ya rangi, mwengine alikuwa akijipepea mdomo kwa karatasi ya halwa. Na bibi harusi bado amesimama mlangoni hajui la kufanya, kwa sababu huingii mpaka uitwe kwa vigelegele, mpambaji yuko nyuma yake amenyanyua shela kwa mikono miwili, na ukumbi umekaa kimya, kimya cha wanawake zaidi ya mia, jambo ambalo Mombasa halijawahi kuonekana. Nikaisikia ile feni mbovu inagonga. Kidole changu kwenye birauri kilikuwa kinatetemeka mpaka maji yanafanya duara.

Kisha nyuma kabisa, kule kwa wasiopata kikopo, wale majirani na watoto, msichana mmoja mdogo wa miaka kama tisa hivi akapiga kigelegele. Chembamba, cha kujifunza, kimekatika katikati. Akapiga tena. Na wale wa nyuma wote wakamfuata, na dada akaingia akiitwa na watu ambao nusu yao hawakualikwa.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Ganzi haikukaa sana, ngoma ya vugo ilipoanza wengi walishapona, wakacheza, wakatunza, wakasahau. Lakini mtu lazima awe na la kusema, na la kwanza lililosemwa ni husda, kuna mtu ametupa jicho. La pili ni pilipili. Katlesi! Yule mpishi ametia pilipili ya kuua watu. Na hilo likashika, maana linaingia akilini, wote walikuwa wamekula na wote midomo yawaka. Nikamwona anaitwa pembeni na ma'mkubwa, karibu na mlango wa jikoni, amevaa kanga ya kazini, mikono imepakaa unga, anasema wallahi nimetia pilipili mbili katika sufuria nzima, mbili, nionjeni nyinyi wenyewe. Hakuna aliyeonja. Akakatwa elfu moja kwenye malipo yake.

Mimi nilikuwa hatua sita kutoka pale. Birauri mkononi.

Nyanya ndiye aliyekuja. Alikuwa na kikopo chake hajakigusa, midomo yake tangu hapo alipaka samli tu. Akakifungua, akanusa, akaniangalia, akakifunga. Akakitia mkobani. Usiku nyumbani, tumeshavua, akaniambia neno moja tu, "Karafuu ni ya jino, mwanangu." Akaenda kulala. Kesho yake chupa ilikuwa imehamishwa kabati.

Nimelifikiria sana lile jambo, kwa nini hakusema. Mara nasema alinilinda. Mara nasema alilinda harusi, ikijulikana ni mtoto wa nyumbani ndiye amewatia wageni ganzi ingekuwa aibu ya ukoo, na mpishi ni wa nje, elfu moja itasahaulika. Mara nasema alikuwa ananingojea mimi niseme. Hii ya mwisho ndiyo siipendi. Alifariki 2011 na sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwahi kulitaja, isipokuwa kila nilipopika pilau alikuwa akiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, karafuu umetia ngapi.

Mafuta ya midomo bado napika, ya nyumbani tu. Natia pepaminti matone machache, napaka kwanza nyuma ya mkono halafu mdomo wangu, nasubiri mpaka kesho ndio nampa mtu. Wanangu wanasema nina wasiwasi.

Yule mama yupo. Kazeeka, shughuli kubwa hapiki tena, lakini Ramadhani huweka meza yake barazani alasiri, sambusa, katlesi, viazi karai, na mimi hununua kwake kila siku hata nikiwa nimeshapika zangu, mume wangu alishauliza mara ngapi tunakula sambusa za nani na nani. Siku hizi katlesi zake hazina pilipili hata chembe. Mwaka jana mteja mmoja mbele yangu alilalamika, mbona zimepooza hivi mama, akamjibu huku anafunga kwenye gazeti, "Nliwahi kusingiziwa kwenye harusi moja, tangu siku ile sitii."

Akaniangalia mimi aliyefuata. "Wewe ngapi leo?"

Nikasema kumi. Halafu nikasema kumi na tano.