Siku Moja Maishani Mwangu: Mpima Majani na Maji ya Msituni

Saa 12 asubuhi nilikuwa tayari msituni na mabuti ya mpira, daftari na chupa kumi na mbili tupu. Kusoma vipima mvua hakukuchukua muda. Vile vilivyo chini ya miti vilikuwa na maji machache kuliko kile cha mahali pa wazi, kwa sababu sehemu ya mvua hunaswa na majani na kurudi angani ikiwa mvuke. Hata hivyo, maji hayo machache hubeba potasiamu nyingi, kirutubisho cha mimea, yaliyoisuuza kwenye majani.

Saa 2 nilianza kukusanya majani yaliyoangukia kwenye neti zetu, na hapo mgeni mmoja mpita njia akaniuliza, kwa sauti ya huruma, kama kweli mtu mzima hulipwa kuokota takataka. Nilikereka, lakini nilimweleza kwa adabu kwamba mti hujirudishia karibu nusu ya naitrojeni na fosforasi ya jani kabla ya kuliangusha, na kwamba sehemu inayobaki huozeshwa na kuvu na bakteria hadi mizizi iweze kuifyonza tena. Fosforasi hasa haina njia ya mkato, kwa kuwa haitoki hewani bali humeguka polepole mno kutoka kwenye miamba, kwa hiyo msitu hauna budi kuitumia ileile tena na tena. Alicheka akaenda zake. Mimi niliinama tena nikatenga majani, vijiti na vinyesi vya viwavi, ambavyo ni vidogo na vyeusi kama chembe za baruti, kila kimoja katika bahasha yake.

Saa 5 nilikuwa kijitoni, kwenye ukuta wa zege wenye pengo la umbo la V, ambapo kina cha maji hutuonyesha mtiririko. Tawi lilikuwa limekwama pengoni na kupandisha maji, na kwa kuwa kina kikiongezeka kidogo tu mtiririko unaokadiriwa huongezeka sana, nililazimika kulitoa na kusubiri maji yatulie ndipo nisome.

Kuchuja maji ndiko kulikonimaliza. Tope la mvua ya usiku liliziba kila chujio baada ya mikupuo michache ya sirinji, kidole gumba kikafa ganzi, na kuahirisha hakuwezekani, maana bakteria wakiachwa chupani hula naitreti (naitrojeni ya aina inayoyeyuka majini) yenyewe ninayotaka ipimwe. Naitreti haishikwi vizuri na udongo, hivyo mizizi isipoiwahi huondoka na maji. Huko Hubbard Brook, msitu wa utafiti nchini Marekani, watafiti walikata miti yote ya bonde moja dogo katika majira ya baridi ya 1965 na kuzuia mimea isiote tena. Naitreti kijitoni ikapanda makumi ya mara, na maji yenyewe yakaongezeka kwa sababu hapakuwa na miti ya kuyanywa. Hasara ile ilionekana kwa sababu kuna watu waliojaza chupa kama hizi wiki baada ya wiki, kabla na baada ya kukata. Sikutazama saa tena hadi chupa ya kumi na mbili.

Giza lilikuwa limeingia nilipoweka bahasha katika tanuri la nyuzi 65 za Selsiasi. Nilipovua buti nilikuta jani moja ndani, zima kabisa. Kwa kuwa sikujua lilitoka neti ipi, halikuweza kuingia kwenye mizani, nikalitupa nje chini ya mti.