Kamera tuwape wenyewe
Wiki hii Kibirizi, Kigoma, akina mama waanika dagaa wamenifundisha kazi. Tulikuja na mchoro wa kichanja kipya cha kuanikia dagaa. Kabla ya kuwaonyesha, tukawaomba wapige picha za kazi yao kwa simu zao, siku tatu. Nilitegemea dagaa tu. Mama mmoja akaleta picha ya turubai limekunjwa, jiwe juu yake.

"Mvua ikija nina mikono miwili tu, mwanangu, na mtoto yuko mgongoni."

Kichanja chetu hakikuwa na pa kufungia turubai! Kwa maswali yangu nisingelijua hilo. Watafiti Caroline Wang na Mary Ann Burris walifanya hivi na wanawake wa vijijini Yunnan, China, miaka ya 1990. Leo tunachora upya, na mama yule tumekaa naye.