Tunaosema "niko njiani" tukiwa bado kitandani
Tukiri: huo ni uongo, na unamuumiza anayesubiri. Kosa letu kubwa liko kwenye hesabu. Tunahesabu mwendo tu, tunasahau kwamba teksi ya abiria 14 pale Ntinda, kitongoji cha Kampala, haiondoki steji mpaka ijae, na foleni ya asubuhi kuingia katikati ya jiji (mvua ikinyesha ndiyo basi tena).

Hesabu kinyumenyume. Miadi ni saa 3? Toa dakika 10 za kutembea kutoka paki ya teksi, 60 za barabara, 20 za kungoja gari lijae. Mlangoni utoke saa 1:30.

Ukishachelewa, piga simu kabla ya saa ya miadi, utaje ulipo kweli: "Nisamehe ndugu yangu, bado niko nyumbani." Usimsingizie dereva.