Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa somo linaloitwa la kujazia ratiba

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimeshaamka, na kazi yangu ya kwanza ni kuchambua kadi. Ni kadi za karatasi ngumu, zaidi ya mia mbili, nilizozikata na kuziandika kwa mkono wangu: upande mmoja kipande cha neno la kitabibu, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili. Kila asubuhi ninachagua ishirini na kuzifunga kwa mpira. Ninafundisha wauguzi, matabibu na wataalamu wa maabara watarajiwa mambo matatu ambayo ratiba imeyafunga katika furushi moja, yaani stadi za maisha, elimu ya uraibu na asili ya maneno ya kitabibu. Wenzangu wanaofundisha anatomia na famakolojia, yaani elimu ya dawa, hawaulizwi kazi yao ina faida gani. Mimi huulizwa karibu kila wiki, na mara nyingi anayeuliza ameshajijibu kabla sijafungua mdomo: hilo ni somo la kujazia ratiba. Ninaandika siku hii moja jinsi ilivyokwenda, ili asiyeijua kazi hii aione kwa karibu.

Saa moja na nusu niliweka sahihi kwenye daftari la mahudhurio, nikafuta ubao, nikafungua madirisha. Saa mbili kamili wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wameketi.

Neno langu la kwanza ubaoni huwa la Kiswahili. Siku hiyo niliandika "hatukutibiwa" na kuwataka walivunje vipande. Hawakuchukua hata dakika mbili: ha- ya kukanusha, -tu- ya nafsi, -ku- ya wakati uliopita, -tib- ambao ni mzizi, -iw- ya kutendwa, na -a ya mwisho. Niliwaambia kwamba kwa kufanya hivyo wameshavuka nusu ya safari, kwa sababu mtu aliyelelewa na lugha ya viambishi hana sababu ya kuogopa neno refu la kitabibu. Kisha nikaandika "gastroenteritis" na kunyamaza. Gastr- ni tumbo, enter- ni utumbo, -itis ni hali ya kiungo kuvimba na kuwaka. Msichana mmoja wa safu ya mbele, ambaye tangu muhula uanze alikuwa akinakili tu bila kuuliza, alilisoma neno lote kwa sauti, akalitafsiri, halafu akatazama huku na huku kana kwamba amesikia mtu mwingine akizungumza. Hiyo ndiyo dakika inayonirudisha darasani kila siku.

Baada ya hapo huja maneno yanayofanana, nami hapo sina haraka. Gastrectomy na gastrostomy husikika kama ndugu, lakini aliyeandikiwa la kwanza anaondolewa tumbo, lote au sehemu yake, na aliyeandikiwa la pili anatobolewa tundu dogo la kupitishia chakula. Hypo- ni chini ya kiwango, hyper- ni juu ya kiwango. Katika zoezi la wiki iliyotangulia mwanafunzi mmoja alibadilisha hivyo viwili katika maelezo ya mgonjwa wa kisukari. Kwenye karatasi kosa lile linagharimu alama moja. Wodini maana yake ni mtu ambaye sukari yake imeshashuka kupewa insulini, dawa ya kuishusha zaidi. Na kwa kuwa insulini ilikuwa imetajwa, niliwaeleza kwamba jina hilo linatokana na "insula", kisiwa kwa Kilatini, kwa sababu homoni hiyo hutengenezwa na visiwa vya seli ndani ya kongosho ambavyo mtafiti wa Kijerumani Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869.

Tulimaliza na saratani. Cancer kwa Kilatini ni kaa, karkinos kwa Kigiriki ni kaa, na neno letu saratani tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako nako maana yake ni kaa. Matabibu wa kale waliona uvimbe wenye mishipa iliyotanda pande zote kama miguu ya mnyama huyo, na lugha moja ikairithisha nyingine picha ile ile. Lakini huwa siwaachi waondoke wakidhani kwamba maneno yote ya tiba yalizaliwa Ulaya au Uarabuni. Kwashiorkor ni neno la Kiga, lugha ya Ghana, lililoingizwa katika maandishi ya kitabibu na daktari Cicely Williams mwaka 1935, nalo hutaja ugonjwa unaompata mtoto anapozaliwa mdogo wake naye akaachishwa ziwa. Chikungunya ni ya Kimakonde, kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 katika uwanda wa juu wa Makonde, na hueleza jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mtu. Anayelijua neno lile ameshaijua dalili kuu kabla hajafungua kitabu.

Kati ya saa nne na saa saba nilisahihisha mazoezi, nikahudhuria kikao, nikajaza fomu za maendeleo ya wanafunzi.

Kipindi cha mchana kilipaswa kuanza saa saba na nusu, tena katika ukumbi wenye nafasi ya kuigiza, kwa sababu mazoezi ya kumhoji mgonjwa hayawezekani watu wakiwa wamebanana kwenye madawati. Nilipofika nilikuta ukumbi umepewa somo jingine. Hakuna aliyenijulisha. Nilielezwa kwa upole kabisa kwamba wale wana mtihani unaokaribia, na kwamba langu linaweza kusogea. Wanafunzi wa mwaka wa tatu hamsini na wawili walinifuata kwenye korido mithili ya watu wanaohamishwa nyumba, tukijaribu mlango huu na ule, hadi tulipopata chumba cha stoo chenye meza moja na viti pungufu. Dakika arobaini zilikuwa zimekwenda. Lililoniuma zaidi ya dakika hizo ni kwamba wanafunzi waliona somo linavyosogezwa, na mwanafunzi hujifunza thamani ya jambo kwa kuangalia linavyotendewa na wakubwa wake.

Zoezi lilikuwa hili: mmoja awe muuguzi, mwingine awe mtu aliyelazwa kwa mguu uliovunjika, ambaye hunywa pombe kila siku lakini hajalisema. Aliyejitolea kuwa muuguzi ni kijana hodari, mwenye alama za juu kuliko wenzake wote katika famakolojia. Alisimama, akafungua daftari, akauliza: "Wewe ni mlevi?" Mwenzake akajibu, "Hapana," akatazama sakafu, na mahojiano yakafia hapo. Nilimwomba arudie kwa swali lisilo na hukumu ndani yake. Akaweka kalamu mezani.

"Mwalimu, samahani, kwa nini nimbembeleze mtu aliyejitakia mwenyewe?"

Nilimjibu kwa utulivu kwamba uraibu ni ugonjwa. Akauliza kimelea chake kiko wapi. Nikamkumbusha kwamba shinikizo la damu halina kimelea na bado tunalitibu. Nikaeleza kuhusu dopamini, kemikali ya ubongo, na jinsi njia za ubongo zinazotuza chakula na upendo zinavyozoea kilevi hadi mtu anaacha kukitafuta ili afurahi na kuanza kukitafuta ili asiteseke kwa arosto. Hayo yote aliyajua. Alinitajia hata majina ya vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali hizo. Hoja yake ilikuwa kwamba kemia haimwondolei mtu dhima, na kila nilipofunga mlango mmoja yeye alifungua mwingine: mbona wapo walioacha kwa nia tu, mbona mgonjwa wa figo hamwibii mama yake. Nusu saa ilipita hivyo. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, nyayo zinawaka, nusu ya darasa imechoka na nusu nyingine inafurahia mabishano.

Nikakimbilia kwenye maneno, kwa sababu ndiko niliko na nguvu. Nilimweleza kwamba neno la Kiingereza la uraibu, "addiction", linatokana na "addictus", ambalo katika sheria ya Roma ya kale lilimtaja mdaiwa aliyeshindwa kulipa, akakabidhiwa kwa hukumu mikononi mwa aliyemkopesha. Kijana akasimama tena.

"Basi, mwalimu, huyo mdaiwa si alikopa mwenyewe?"

Darasa lilipiga makofi. Sikuwa na jibu la papo hapo, nami sikujisingizia kuwa nalo. Niliketi kwenye ukingo wa meza na kukaa kimya mpaka makofi yakaisha. Swali lake lilikuwa la haki. Nilikuwa nimelifundisha neno lile kwa miaka mingi nikitazama minyororo tu, bila kuutazama mkopo.

Nilimwambia kwamba ndiyo, wengi hukopa wenyewe, ingawa si wote. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuiuza heroini kama dawa ya kikohozi, na aliyeinunua aliamini anatibu kifua. Hata leo wapo ambao dawa ya kwanza ya jamii ya afyuni waliipata kihalali, kwa maumivu ya kweli. Lakini tuchukue yule aliyekopa kwa hiari yake. Neno addictus halisimulii siku ya kukopa; linasimulia siku baada ya hukumu, wakati mtu hajimiliki tena. Huyo ndiye anayeletwa kwetu akiwa kwenye machela. Siku ya mkopo ina wahusika wengine na ina mafunzo mengine, na ndiyo sababu stadi za maisha ziko katika furushi hili hili, kwa kuwa zinahusu mtu kabla hajaweka sahihi. Wodini tunakutana na deni lililokwisha iva.

Kisha nikamweleza lile swali lake la kwanza, "Wewe ni mlevi?", lilivyokuwa limemgharimu mgonjwa. Mtu anayekunywa kila siku akikatishwa pombe ghafla kwa sababu amelazwa, mara nyingi katika siku ya pili hadi ya nne anaweza kuanza kutetemeka, kuona visivyokuwapo, kuchanganyikiwa na hata kupata degedege. Hali hiyo huitwa delirium tremens, na inaweza kuua ikiachwa. Delirium kwa Kilatini ni kutoka nje ya mstari wa jembe, kama mkulima aliyepotewa na mwelekeo katikati ya shamba. Yule mgonjwa wa kuigiza, aliyeulizwa kama ni mlevi akasema hapana, angekutwa na hali hiyo usiku, na muuguzi wa zamu angedhani amerukwa na akili. Kinachomwokoa ni kujua alikunywa lini kwa mara ya mwisho, na jibu hilo halitolewi kwa mtu anayekuhukumu.

Kijana aliketi. "Nimekusikia, mwalimu," alisema, "lakini sijakubali." Nilimwambia kwamba kukubali ni hiari yake, ila saa ya mwisho ya kunywa ni lazima aiulize.

Baada ya hapo sikuangalia tena saa. Tulifanya zoezi moja la kukataa, ambalo silifuti hata nikiwa hoi, kwa sababu wahudumu wa afya wenyewe hushika dawa zinazoleta uraibu na hatari hiyo haitajwi inavyostahili. Muuguzi mkubwa anamwambia mwanafunzi: weka sahihi hapa kama shahidi, morfini iliyobaki nimeshaimwaga. Wa kwanza aliweka sahihi bila kusita. Wa pili alitoa kisingizio cha kwenda chooni. Wa tatu, binti mwenye sauti ndogo, alikunja mikono nyuma na kusema: "Sista, naomba uniwie radhi, nitaiwekea sahihi morfini ile tu nitakayoiona ikimwagwa." Nilimtaka airudie mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, na mara ya tatu hakuinamisha kichwa.

Jua lilipokuwa linazama mwanafunzi mmoja aligonga mlango wa ofisi, akasema amekuja kuulizia alama zake, kisha hakuziulizia. Alizungumza kwa muda mrefu, nami nilisikiliza zaidi ya nilivyosema. Aliyonieleza si ya kuandikwa hapa. Tulitoka pamoja hadi kwa mshauri nasaha, nikasubiri nje mpaka mlango ulipofungwa.

Usiku, macho yakiwa mazito, nilifungua karatasi za mahojiano ambazo kila mmoja alipaswa kuandika baada ya kipindi. Ya yule kijana ilikuwa ya nne kutoka juu. Hapakuwa na salamu wala neno la kumtuliza mgonjwa, na kwenye nafasi ya maoni aliandika kwamba mgonjwa amejisababishia. Lakini swali lake la pili lilisomeka hivi: "Mara ya mwisho kunywa ilikuwa siku gani, saa ngapi?" Pembeni alikuwa amehesabu saa, akachora mstari chini ya saa ya arobaini na nane, akaandika: mgonjwa aangaliwe usiku huu. Nilimpa alama zote za swali hilo, nikaandika kwenye nafasi ya maoni kwamba tutaendelea Alhamisi, nikachukua karatasi ya tano.