Mvua ya Osaka na chuma cha vitumbua

Leo Tanga imeamka na mvua. Huku kwetu Ngamiani barabara imejaa madimbwi, na mama mkubwa ameshusha turubai mbele ya jiko, maana wateja wa vitumbua hawasubiri mvua ikatike. Wanakuja vivyo hivyo, kanga kichwani. Nimekaa kwenye kigoda pembeni yake, namsaidia kupakua, na akili yangu imekwenda Osaka, kule Japani.

Nilikuwa kule mwaka jana mwezi wa 6, kwa kozi fupi ya kazini. Siku ya mapumziko tulipewa moja tu, na siku hiyo ilinyesha tangu alfajiri. Haikuwa mvua ya kishindo kama masika yetu. Ilikuwa ya pole pole, isiyochoka. Msimu huo wenyewe wanauita tsuyu, na jina wanaliandika kwa alama mbili, ya plamu na ya mvua, kwa kuwa inanyesha wakati plamu zinaiva. Nikanunua mwavuli wa plastiki, ule unaoona mawingu ukiwa chini yake, nikaenda zangu kwenye ngome.

Ngome ya Osaka ilianza kujengwa na jemadari Toyotomi Hideyoshi mwaka 1583, lakini mnara uliopo leo ni wa zege, wa mwaka 1931, na una lifti. Huko juu sikukaa. Kilichonishika ni jiwe moja la ukutani, ukishapita tu lango la Sakura. Upana wake unakaribia mita 12, kimo mita 5 na nusu, na uzito wanaukadiria zaidi ya tani 100. Linaitwa Takoishi, yaani jiwe la pweza, kwa ajili ya doa lililo chini upande wa kushoto. Nilisimama pale viatu vimelowa chapachapa, namtafuta huyo pweza. Bibi yangu wa Kigombe angemwona kabla yangu. Yeye huenda mwambani na mkonjo wakati wa bamvua, maji yakishakupwa, na tundu la pweza analijua kwa makombe yaliyorundikana mlangoni.

Mvua ilipozidi nikakimbilia Namba, sehemu nyingine ya mji, kwenye mtaa wa maduka ulioezekwa mwanzo hadi mwisho. Sennichimae Doguyasuji, ndilo jina lake. Wanauza vyombo vya jikoni: visu, masufuria, mabakuli, hata vyakula vya bandia vya kuweka kwenye vioo vya migahawa. Nikafika duka moja, miguu ikagoma. Mezani vimepangwa vyuma vya vitumbua! Vishimo vile vile, mviringo ule ule, ila vidogo zaidi na vingi.

Ni vya kupikia takoyaki, chakula kilichoanzia Osaka hapo hapo mwaka 1935. Uji wa ngano na yai, mchuzi wa samaki ndani yake, kipande cha pweza, tangawizi nyekundu na majani ya kitunguu. Mpishi mmoja jirani alikuwa anavigeuza kwa chuma chembamba. Anachoma ukingoni, anazungusha nusu, anasubiri kidogo, anamalizia. Mkono haukumtetemeka hata mara moja. Nimekua nikiutazama mkono kama ule kila alfajiri, na sikuwahi kuona mtu akisimama barabarani kuutazama mkono wa mama mkubwa namna watu walivyokuwa wakimtazama yule bwana. Nilitamani mama mkubwa angekuwepo.

Niliomba vyangu visipakwe sosi, nipate ladha ya unga wenyewe. Nje vimekauka, ndani vinayeyuka, na moto wake usikie tu. Baadaye nikasoma kwamba pweza wengi wanaoliwa Japani hutoka nje, hasa Morocco na Mauritania. Pweza wa bara letu, basi.

Chuma nilinunua kimoja, kizito, nikakifunga kwa nguo katikati ya begi. Mama mkubwa alipokipokea alikigonga kwa ukucha, akasikiliza mlio, akasema, "Hiki kitashika moto." Akakipaka mafuta, akakiacha juu ya mkaa usiku kucha.

Jana bibi katuletea pweza. Leo mama mkubwa kamchemsha kwa ndimu, kamkata vipande vidogo, katia kwenye uji wake wa mchele na tui, bila sukari, na kitunguu na pilipili mbuzi. Amevigeuza kwa kijiti chake kile kile cha siku zote. Kaonja kimoja, kanyamaza, kaongeza chumvi kidogo kwenye uji.

Sasa hivi kaja mtoto wa jirani na bakuli, katumwa vitumbua vya elfu moja. Mama mkubwa kamhesabia, halafu kamwekea juu viwili vya pweza bila kusema neno. Mtoto kaondoka mbio, mkono mmoja juu ya bakuli, mvua isiingie.