Ujumbe wake nini?

Jumapili, saa nne usiku. Nimeoga mara mbili na bado vumbi la barabara ya Nanyamba liko masikioni. Turubai liko uani, limekunjwa hovyo. Nitalikung'uta kesho. Leo niandike kwanza ya mchezo wa jana, maana nikilala nitaamka na habari nyingine.

Kikundi chetu cha maigizo kina watu tisa tukitimia, na hatutimii. Mwezi wa tano wanaume wanaondoka kwenda kupuliza salfa kwenye mikorosho. Oktoba minada ikianza, nusu ya kikundi iko shambani inaokota. Nabaki mimi na duka langu la fotokopi, dada msusi wa hapa Majengo, na kijana wa bodaboda ambaye ndiye mwigizaji wetu bora na hajawahi kufika mazoezini kwa wakati. Kwa hiyo tumezoea kutunga michezo ya watu watatu. Mgeni akiona anaweza kudhani ni mtindo. Ni korosho tu.

Isitoshe, hapa Mtwara ukisema una kikundi cha sanaa, mtu anaelewa ngoma. Mgeni mkubwa akitarajiwa uwanja wa ndege, unapigiwa simu: leteni sindimba. Nikisema sisi tunaigiza, naagwa kwa adabu.

Miaka minne ya mwanzo tuliishi kwa michezo ya miradi. Unapewa karatasi yenye ujumbe: vyandarua, vyoo, mimba za utotoni. Unapewa na fulana. Mnacheza dakika arobaini kabla ya mkutano, watu wanasaini daftari, wanapata soda na nauli, mnaondoka. Siwasemi vibaya, fulana zile ndizo tunazofanyia mazoezi mpaka leo, na ada ya mwanangu ya mwaka mzima ilitoka humo. Lakini mlevi wetu wa kwenye mchezo alitubu mno. Alitubu Tandahimba, akatubu Newala, akatubu Masasi mara mbili kwa siku moja. Ikafika siku, kabla hajafungua mdomo, mtoto wa mstari wa mbele akamtangulia: "Jamani nisameheni, pombe mbaya!" Watu hawajawahi kutuchekea vile. Mimi nyuma ya khanga tuliyoitundika nilitamani ardhi ipasuke.

Haikupita muda mwanafunzi mmoja akaleta kitini dukani kutoa nakala. Humo niliwasoma Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikwenda Malya, Mwanza, wakawauliza kwanza wanakijiji kinachowasumbua, ndipo mchezo ukatungwa pamoja nao. Alikuwemo pia Mbrazili Augusto Boal: kwake mtazamaji akiona mhusika anakosea, anausimamisha mchezo, anaingia, anaucheza mwenyewe anavyoona ingefaa. Nilitoa nakala moja ya ziada. Mungu anisamehe, karatasi ilikuwa yangu.

Ndiyo tukatunga mchezo huu wa kangomba. Kwa asiye wa huku: kangomba ni kumnunulia mkulima korosho kabla ya mnada, akiwa na shida, kwa bei ya kutupa, wakati jirani yake mwenye subira atauza kwa stakabadhi ghalani, yaani korosho zinakusanywa ghalani ndipo zinapigwa mnada, mfumo ulioanza kwetu mwaka 2007. Imekatazwa. Mwaka 2018 Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima walihakikiwa kwanza ili watu wa kangomba wasilipwe. Na bado ipo, kwa sababu mwenye mgonjwa ndani hasubiri mnada. Katika mchezo wetu baba anauza kwa kangomba apate fedha ya kumtoa mtoto jandoni. Basi. Mwisho hatukuuweka.

Ofisini nilikoomba kibali niliulizwa kurasa nyingine ziko wapi. Nikasema nusu ya pili wanayo watu wa kijijini. Mzee wa kibali akaniangalia juu ya miwani. "Sasa mama, ujumbe wake nini?" Sikuwa na jibu. Nikasema, "Korosho." Akagonga muhuri.

Jana jioni tumecheza, kijiji kimoja kule juu, chini ya mwembe. Taa zetu zilikuwa pikipiki mbili, moja ya kijana wetu, nyingine ya mwanakijiji aliyejitolea. Ubaya wake injini lazima iungurume, kwa hiyo hata siri unaisema kwa kupiga kelele. Hatujafika robo, bibi mmoja akanyanyua mkono kama anayezuia mbuzi.

"Simamisheni. Huyu mtoto mjomba wake yuko wapi?"

Tukatazamana. Kwa Wamakonde jando la mtoto huwezi kuliendea bila kaka wa mama yake, nalijua hilo tangu utotoni. Mjomba hakuwemo kwa sababu mwanaume tuliyekuwa naye ni mmoja. "Shikamoo bibi," nikamwambia, "mjomba kaenda shamba." Akaitikia marahaba huku anamsukuma mzee aliyekaa pembeni yake. "Mjomba huyu hapa. Nenda."

Mzee akaingia, akakalia kigoda chetu, akamgeukia kijana wa bodaboda aliyekuwa baba. "Shemeji, hizo korosho umeuza kwa kipimo gani?" Dada msusi, mnunuzi wetu, akaonyesha: akashika kopo tupu, akajifanya analijaza, akamwaga. Bibi akafyonza. "Hujawahi kuuza korosho wewe." Akamtuma mjukuu nyumbani. Tukasubiri. Hakuna aliyeondoka. Mtoto akarudi na kisado na mfuko wa korosho za mwaka jana.

Bibi alimvua dada kofia, akaivaa. Akamimina mpaka ukingoni. Akatikisa. Akakigonga kisado gotini mara tatu, zikashuka kama vidole viwili, akaongeza, akagonga tena. Kisha akaweka lumbesa juu, kiganja kinazuia pembeni zisimwagike, akamwaga mfukoni. "Moja." Akajaza tena vilevile, akamwaga, akamtazama muuzaji usoni. "Moja."

Wanaume wazima walipiga kelele. Katikati ya kelele hizo pikipiki moja ikaondoka, nusu ya uwanja ikawa giza. Ilikuwa ile ya kujitolea. Hakuna aliyetaja jina wala aliyegeuka kutazama inakoelekea, na hapo ndipo nilipoelewa. Bibi akasogea penye mwanga, akampa mzee kisado. "Haya mjomba, pima wewe."

Mzee alikaa nacho mapajani muda mrefu. Hakupima. Alisema yeye mwenyewe mwaka jana magunia mawili yalikwenda hivyohivyo, akakirudisha, akaenda kukaa mahali pake. Baada ya hapo sisi hatukuwa na la kuigiza.

Mwenyekiti wa kijiji akasimama kushukuru. Akaniuliza mbele ya watu ujumbe wa mchezo ni upi, aandike kwenye taarifa yake. Kuna bwana nyuma akajibu badala yangu, "Andika mbili ni moja," na mwenyekiti akaandika kweli.

Kapu lilirudi na shilingi 11,500 na mayai manne. Nauli na mafuta ni zaidi ya hapo, ingawa mafuta ya pikipiki ya pili hayajadaiwa. Nimezoea hasara. Linaloninyima usingizi ni lingine: sisi tumepanda Hiace ya asubuhi, bibi amebaki kule na mwenye pikipiki, na shida ikibisha hodi huenda mwenye fedha mkononi ni huyohuyo. Mlevi wetu wa kutubu hakumwachia mtu ugomvi na jirani yake. Kijana wa bodaboda anasema nawaza sana, bibi alijua anachofanya kuliko sisi wote. Huenda. Anajua kuongea huyu akiwa hajachelewa.

Sasa hivi nimefungua mfuko wa mavazi kutafuta khanga yangu, nimekuta kisado cha bibi humo, na korosho chache chini. Kesho nampa konda akirudishe. Nimechukua kalamu niandike jina juu ya kifuniko, kumbe sikumuuliza.